Leseni ya Pili ya Bi Turia

Kila alfajiri, kabla hata hajanawa uso vizuri, Wiam alishuka uani kunyunyizia nanaa maji. Nanaa ililala juu ya gunia lililoloweshwa, mafungu kwa mafungu, na harufu yake ilijaa nyumba nzima mpaka kwenye mito ya kulalia.

"Wiam! Usiizamishe, binti yangu," mama yake alisema kutoka jikoni, akimimina mafuta ya zeituni kwenye kisahani cha kuchovyea mkate. "Nanaa inataka kunyweshwa, haitaki kuogeshwa."

"Kila siku unaniambia hivyo, mama."

"Na kila siku unaizamisha."

Mama yake Wiam, Bi Turia, alikuwa dereva. Kwa miaka mingi aliendesha pikapu ya mzee mmoja, akibeba nanaa kutoka mashamba ya nje ya Marrakech mpaka sokoni, na hakuwahi kuikwaruza hata mlango. Mzee yule alipouza pikapu yake, Bi Turia hakukaa kulia. Aliamua kuwapelekea nanaa wenye mikahawa ya mji mkongwe yeye mwenyewe. Vichochoro vya mji mkongwe havipitishi gari. Punda anapita, mkokoteni unapita, pikipiki inapita. Basi akanunua pikipiki.

Aliinunua dukani kwa Bwana Jilali, mtu mnene mwenye sauti ya asali. "Hii ni cc arobaini na tisa, mashine ndogo kuliko zote," Jilali alimwambia siku ile, mkono kifuani. "Leseni ya gari unayo? Basi hiyo hiyo inakutosha. Endesha kwa raha zako, dada yangu. Nakuapia kwa kichwa cha mama yangu!"

Bi Turia alijua kwamba mwenye leseni ya gari anaruhusiwa kuendesha pikipiki ndogo za namna hiyo. Hakuuliza zaidi. Na pikipiki yenyewe, loo! Ilibeba kreti mbili za nanaa, ikambeba mama, ikambeba Wiam wa miaka kumi na miwili na mkoba wake wa shule, na bado ikazipita nyingine barabarani kama zimesimama.

"Mama, hii ndogo imekula shayiri ya farasi!" Wiam alipiga kelele akimshika mama kiunoni.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano, jua likiwa limeshaanza kuuma, polisi aliwasimamisha karibu na lango la mji. Alikuwa kijana mpole, akasalimia kwa adabu. Aliomba leseni, akaomba kadi ya pikipiki, akavisoma vyote. Kisha akasema, "Tafadhali shukeni, niipime."

Kando ya barabara palikuwa na kifaa chenye magurudumu ya chuma. Pikipiki ikawekwa juu yake, ikanguruma palepale iliposimama. Polisi alitazama namba zilizokuwa zikipanda, akatikisa kichwa.

"Bi, hii si arobaini na tisa. Kadi inasema ndogo, lakini ndani imetiwa mashine kubwa zaidi ya mara mbili. Kwa mashine hii unahitaji leseni ya pikipiki. Unayo?"

"Nina ya gari," Bi Turia alisema. "Niliambiwa inatosha."

"Nani alikwambia?"

"Aliyeniuzia."

Polisi alishusha pumzi. "Wewe si wa kwanza leo. Pole, Bi. Lazima niizuie. Andikisha maelezo yako, useme na duka uliloinunua."

Wiam alihisi damu imempanda mpaka masikioni. "Lakini mama hajaiba! Hajagonga mtu! Kaendesha gari tangu mimi sijazaliwa! Mbona humkamati aliyetudanganya?"

"Wiam, nyamaza," mama alisema.

"Sinyamazi! Nanaa yetu je?"

Bi Turia aliandikisha maelezo, pikipiki ikapakiwa kwenye lori, na kreti mbili za nanaa zikabaki kando ya ukuta. Mpaka walipompata mwenye mkokoteni wa kuwabebea, majani yalikuwa yamelegea kama matambara. Haji Mbarek, mwenye mkahawa mkubwa kuliko yote waliyoihudumia, aliinua fungu moja kwa vidole viwili.

"Bi Turia, hii nimpe nani? Mbuzi?"

"Nisamehe, Haji. Leo tumepatwa."

"Nakuheshimu sana, unajua. Lakini wateja wangu wakikosa chai ya nanaa mara mbili tatu, nitatafuta mtu mwingine. Nitafanyaje?"

Mama aliinamisha kichwa. Wiam alikuwa hajawahi kumwona mama yake akiinamisha kichwa mbele ya mtu.

Jioni ile jirani yao, fundi Bushaib, alikuja kuwapa pole. Karakana yake ilikuwa mwanzo wa kichochoro chao, na kila mtu alimwita mjomba.

"Shemeji, hilo tu ndilo linalokukosesha usingizi?" alisema, akijimiminia chai. "Mji mzima unafanya hivi. Mimi ninayo mashine ndogo ya kuazimisha. Tunaitoa pikipiki yako kwa polisi kwa ahadi ya ukaguzi, tunaipeleka ikiwa na mashine ndogo, wanapima, wanaridhika, wanakuachia. Ukifika nyumbani, natoa ndogo, narudisha kubwa. Kesho kutwa unapeleka nanaa yako, na leseni yako ya gari mfukoni."

Macho ya Wiam yalimetameta. "Mama! Umesikia?"

Bi Turia aliizungusha bilauri yake mkononi. Wiam alijua mama anawaza mikahawa, anawaza kodi ya nyumba, anawaza baba aliye kazini Agadir na simu atakayompigia. Kisha mama akaiweka bilauri chini.

"Ahsante, Bushaib. Sitafanya hivyo."

"Kwa nini, mwana wa watu?"

"Leo nimekamatwa kwa sababu sikujua. Nikifanya hilo, kesho nitakamatwa nikijua. Nitakwenda shule ya udereva, nichukue leseni ya pikipiki."

Bushaib alicheka mpaka akakohoa. "Dereva mzima urudi shule! Haya, kila la heri. Ukichoka, mlango wangu uko wazi."

Alipoondoka, Wiam alishindwa kujizuia. "Mama, yeye ndiye aliyedanganya, sisi ndio tunaoadhibiwa! Haki iko wapi?"

"Haki nitaidai. Lakini siidai kwa uongo."

Tangu siku hiyo walikodi mkokoteni. Mama alivuta mbele, Wiam alisukuma nyuma, kutoka sokoni mpaka ndani ya mji mkongwe, kabla ya shule. Gurudumu moja lililia kwii, kwii, kila hatua. Mikahawa miwili haikuwasubiri. Ikatafuta watu wengine. Haji Mbarek alivumilia, lakini kila asubuhi alitazama saa ya ukutani kabla hajaitikia salamu.

Shuleni nako hakukukalika. Safae, aliyekaa dawati la mbele yake, aligeuka akinusa hewa. "Jamani, nani kaleta soko darasani? Aa, ni Wiam! Vipi, farasi wenu bado yuko jela?"

Darasa likaangua kicheko.

"Afadhali nanuka nanaa kuliko wewe unayenuka umbea!" Wiam alijibu. Safari hii walimcheka Safae. Lakini ushindi huo haukumtuliza Wiam. Kila kitu kilimuudhi: mkokoteni, Safae, saa ya Haji Mbarek, sauti ya asali ya Bwana Jilali. Na zaidi ya yote, japo aliona aibu kukiri, mama yake alimuudhi. Mlango wa Bushaib ulikuwa wazi, mama hataki kuingia!

Jumamosi alimsindikiza mama kwenye uwanja wa mazoezi. Mwalimu Lahsen, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, alikuwa amepanga koni za rangi ya machungwa mistari miwili. Mtihani ulikuwa karibu, na Bi Turia alijiamini.

"Mwalimu, mimi barabara naijua," alisema.

"Sina shaka," Lahsen alijibu. "Barabara unaijua. Hebu tuone kama pikipiki nayo inakujua."

Alimwambia apite katikati ya koni polepole sana. Bi Turia akaangusha ya kwanza, akaangusha ya tatu, akateremsha mguu chini. Alimwambia ahamie upande wa kushoto. Bi Turia akatazama kioo, akahama.

"Hujageuza shingo! Kwenye gari una bati na mlango. Hapa ubavu wako ndio mlango."

Kisha akamwambia aje kwa kasi, asimame ghafla. Bi Turia akakanyaga breki kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote, kama alivyozoea kwenye pikapu. Gurudumu la nyuma likaserereka, pikipiki ikayumba, na yeye nusura aanguke.

"Mguu peke yake hautoshi, Bi Turia! Ndani ya gari unakanyaga mara moja na magurudumu yote yanashika. Hapa breki ya mbele iko mkononi, na ndiyo yenye nguvu. Mikono na mguu vifanye kazi pamoja, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu."

Mazoezi yaliendelea, lakini mazoea ni mazoea. Siku ya mtihani mguu wa Bi Turia ulikanyaga kabla kichwa hakijawaza. Akashindwa.

Wiam alirudi nyumbani akibamiza miguu. "Dereva wa miaka yote hiyo! Wamekuonea! Wanataka tu kututesa!"

"Hawakunionea," mama alisema kwa sauti ya uchovu. "Sikusimama pale nilipotakiwa kusimama."

Lakini Wiam hakuwa akisikiliza. Siku iliyofuata alipotoka shule, badala ya kwenda nyumbani, alikunja kona akaingia karakana ya Bushaib. Alikuwa amekwishaamua. Atamwomba mjomba aje tena kumshawishi mama, na safari hii yeye mwenyewe atalia mpaka mama akubali.

Karakana ilijaa pikipiki zinazosubiri zamu. Bushaib alikuwa amechuchumaa mbele ya moja, akichomoa mashine kubwa ili atie ndogo.

"Karibu, mpwa wangu! Mama kachoka na mkokoteni?"

"Mjomba, hii nayo inakwenda ukaguzi?"

"Kesho. Jioni inarudi kuwa simba." Akacheka. "Unaona? Kazi rahisi. Unabadilisha moyo, mwili unabaki uleule."

Wiam aliinama akatazama. Macho yake yaliangukia kwenye gurudumu la mbele, jembamba, na breki yake. Akakumbuka maneno ya mwalimu Lahsen.

"Na breki, mjomba? Ukitia mashine kubwa, unabadilisha na breki?"

"Breki? Breki ni ileile iliyokuja nayo."

"Ile ya mashine ndogo?"

"Sasa nani atalipia breki, mpwa wangu? Watu wanataka mbio. Mtu akitaka kusimama, apunguze mapema!" Bushaib alicheka tena, akashika spana yake.

Wiam hakucheka. Alikumbuka asubuhi moja, wiki chache kabla ya kukamatwa, walipokuwa wakishuka kuelekea lango la mji. Mtoto mdogo alitokea kichochoroni akifuata mpira. Mama alikanyaga breki, na pikipiki ikaendelea kwenda. Ikaendelea tu, kama haikusikia. Mtoto aliruka nyuma mwenyewe, na gurudumu likapita pale aliposimama. Siku ile mama alisimama mbele kidogo, akageuka kumtazama yule mtoto. Wiam naye alidhani mama amekosea. Tena alimtania: "Mama, umezeeka!"

Hakuwa amezeeka. Alikuwa amekanyaga kama dereva wa gari, juu ya breki za mashine ndogo, kwenye pikipiki yenye nguvu za mashine kubwa. Na mtu aliyejua hayo yote alikuwa ameapa kwa kichwa cha mama yake.

Wiam alikimbia mpaka nyumbani. Alimkuta mama akifunga mafungu ya nanaa kwa ukili.

"Mama," alisema akihema, "nilikwenda kwa mjomba Bushaib. Nilitaka aje akushawishi. Nilikasirika kwa sababu ulikataa." Kisha akamweleza kila kitu, breki na mtoto mwenye mpira.

Bi Turia alimvuta kifuani, akamkumbatia kwa muda. Alipomwachia, uso wake ulikuwa umebadilika. Wiam aliufahamu uso ule. Ndio uso ambao mama alikuwa nao sokoni mtu alipojaribu kumpunja.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda dukani."

Duka la Bwana Jilali lilikuwa na wateja. Msichana mmoja wa chuo alikuwa amekalia pikipiki mpya nyekundu, na Jilali alikuwa na mkono kifuani. "Arobaini na tisa, binti yangu. Nakuapia kwa kichwa cha..."

"Kichwa cha mama yako kimekukosea nini?" Bi Turia aliuliza kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Jilali akatabasamu haraka. "Aa, dada yangu! Karibu ndani, tunywe chai kwanza."

"Chai? Nanaa yangu imeoza kwa ajili yako, unaniita kunywa chai? Pikipiki uliyoniuzia imetiwa mashine kubwa. Ulijua au hukujua?"

"Jamani, mbona kelele? Nani asiyejua mambo haya hapa mjini? Ukitaka ndogo kweli, ingekubeba wewe na kreti zako? Mimi nilikusaidia!"

"Ulinisaidia?" Bi Turia alisogea mbele. "Breki za mashine ndogo kwenye mashine kubwa, na mtoto wangu nyuma yangu! Nilikaribia kumgonga mtoto wa mtu. Ningemgonga, ungekuja kumwambia mama yake kwamba ulinisaidia?"

Msichana wa chuo aliteremka polepole kutoka kwenye pikipiki nyekundu.

"Na hii, bwana?" aliuliza. "Hii nayo ina breki za nani?"

Jilali alianza kuifuta taa ya pikipiki kwa kiganja.

"Mwambie," Wiam alisema kwa sauti nyembamba lakini kali. "Usiape. Mwambie tu."

Jilali hakumwambia. Msichana akachukua mkoba wake, akatoka. Mteja mwingine naye akamfuata.

"Siku niliyokamatwa nilieleza polisi niliinunua wapi," Bi Turia aliendelea, safari hii kwa utulivu. "Wakija, hilo ni lako na wao. Mimi nimekuja kwa haki yangu. Ile iliyozuiwa na polisi ni mali yako, ichukue. Nipe pikipiki ambayo kadi yake na mashine yake na breki zake vinasema neno moja. Kubwa, nisiyoruhusiwa kuiendesha leo. Itanisubiri hapa mpaka nipate leseni."

"Na ukishindwa mtihani?" Jilali alinong'ona kwa uchungu.

"Nitafanya tena."

Jilali alitazama duka lake tupu, akatazama watu waliosimama mlangoni wakisikiliza. Mwishowe aliandika karatasi ya makubaliano, huku akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawana huruma.

Baada ya hapo Bi Turia alifanya mazoezi kama mtoto anayejifunza kusoma. Kila alasiri alikuwa uwanjani kwa mwalimu Lahsen, na jioni, akisubiri supu ichemke, alikaa kwenye kiti jikoni akibana breki ya mkono isiyokuwepo. Wiam alisimama mbele yake ghafla akipiga kelele "Mtoto!" na mama alibana vidole na kukanyaga pamoja, akigeuza shingo kutazama nyuma. Walicheka mpaka supu ikafurika. Mkokoteni ukaendelea kulia kwii, kwii, na Wiam akausukuma, ila sasa hakumwonea mtu aibu. Hasira yake haikuisha, lakini alikuwa amejua pa kuielekeza.

Siku ya mtihani wa pili, Wiam alisimama nje ya waya wa uwanja. Mama alipita katikati ya koni, zote zikabaki zimesimama. Akageuza shingo, akahama. Kisha akaja kwa kasi, mkaguzi akainua mkono, na pikipiki ikasimama pale pale kwenye mstari, imenyooka kama alifu. Wiam alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Haji Mbarek alipoletewa nanaa mbichi kwa wakati, kwa pikipiki mpya kutoka dukani kwa Jilali, hakutazama saa. Aliinusa, akamwita mtumishi, akaagiza mafungu zaidi kwa ajili ya mkahawa wa mdogo wake. Ile mikahawa miwili haikurudi. Bi Turia alisema haidhuru, nanaa hainywewi na watu wawili tu duniani.

Wakirudi, barabara ilikuwa nyeupe na wazi. Kijana mmoja aliwapita kama risasi, bila kofia ngumu, akiwapungia mkono kwa dharau.

"Mama, ongeza mwendo!" Wiam alisema sikioni mwa mama. "Sasa si una leseni?"

"Ninaenda taratibu kwa sababu nina leseni," mama alijibu.

Akasogea kando ya barabara, akasimama, akavua kofia yake ngumu na kumgeukia binti yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilidhani kwa kuwa najua gari, basi najua kila chenye magurudumu. Hilo lilikuwa kosa langu, si la Jilali. Kosa la Jilali ni kuuza uongo, na tulifanya vizuri kumkasirikia. Ukidhulumiwa, kasirika, simama, dai haki yako mchana kweupe. Lakini usiponye uongo wa mtu kwa uongo wako. Na usione haya kurudi mwanzo kujifunza jambo usilolijua. Mkokoteni ulituchosha miguu. Yule mtoto mwenye mpira angetuchosha moyo maisha yetu yote."

Wiam aliegemeza shavu lake kwenye mgongo wa mama, uliokuwa na joto la jua na harufu ya nanaa. Mama akavaa kofia yake, akageuza shingo kutazama nyuma, akaingia barabarani.